Tunaondoka Lini?

"Tunaondoka lini?"

Swali hilo liliulizwa jioni ile kaka alipoingiza sanduku sebuleni, na hakuna aliyelijibu. Halikuwa gumu. Kila mtu mle ndani alidhani limeulizwa na mwenzake, na kwamba yupo mwingine atakayelijibu, kama vile vyombo vichafu ambavyo kila mmoja huviona kwenye karai na hakuna anayeviosha. Mama alikuwa kwenye cherehani, pini zimemjaa mdomoni. Shangazi alikuwa kwenye kochi, mguu wake mbovu ameunyoosha juu ya stuli. Kaka alikuwa ameinama, anasukuma sanduku kwa goti huku anahema. Na binti mwenye safari, ambaye shuleni walimbandika jina la Hoja kwa ajili ya midahalo mpaka nyumbani nako likamganda, alikuwa analizunguka sanduku na kuligonga kwa vifundo vya vidole kama mtu anayechagua tikiti maji.

Swali likapita. Cherehani ikaendelea kulia.

Sanduku lenyewe lilikuwa la haja. Kaka ni fundi wa kuchomelea, na safari hii alikuwa amejipinda kwelikweli: bati zito, bawaba tatu, komeo la kutia kufuli, na rangi ya bluu iliyokuwa bado inanata.

"Hili hata lori lipite juu yake," alisema akijifuta jasho, "chupi zako zitabaki zimekunjwa vilevile."

"Kaka!"

"Nimekosea wapi? Si ulitaka kitu imara?"

"Kubwa lote hili?" Shangazi akadakia. "Mtoto anakwenda chuo au anahama?"

"Nahama, shangazi. Miaka mitatu si kwenda sokoni na kurudi."

"Kusomea kupima ardhi! Msichana mzima kukimbizana na kamba vichakani. Na huku macho ya mama yako yanakwisha, hata uzi hawezi kutunga mpaka aite mtu."

"Kaka alipokwenda kule mbali kujifunza kuchomelea, mbona hukuuliza nani atatunga uzi?"

"Kaka yako ni mwanaume."

"Hiyo siyo hoja, shangazi. Hayo ni maumbile."

Kaka akaangua kicheko, akakimeza alipoona anatazamwa. Mama akatema pini kiganjani, moja moja, bila haraka.

"Basi," alisema. "Nilishasema atakwenda Jumamosi, na atakwenda. Lakini nyumba iwe imetulia. Mguu wa wifi yangu unanitosha, macho yangu yananitosha. Nikiona kuna vurugu nyingine juu ya hizo, utasubiri mwaka mmoja, mwanangu. Mwaka si mwingi."

Hoja aliujua mwaka huo. Msichana wa nyumba ya jirani aliambiwa vilevile, asubiri mwaka mmoja tu, na mpaka leo anasubiri, mtoto mmoja mgongoni na mwingine ameshika sketi. Mwaka mmoja ni "hapana" iliyovalishwa nguo ya heshima. Kwa hiyo Hoja akaapa moyoni kwamba nyumba hii itatulia mpaka Jumamosi, hata kama itabidi aipige pasi.

Kesho yake mchana alilifungua sanduku apange nguo, na mkono wake ukasita hewani. Kifuniko kilikuwa chepesi, kinanyanyuka kwa kidole kimoja, lakini mlio uliotoka haukuwa wa kifuniko. Ulikuwa mlio mpana na mzito, kama wa geti refu la chuma linaloburutwa juu ya kokoto. Na upepo ukampiga usoni, upepo wa nje, wenye harufu ya kutu iliyonyeshewa, ilhali madirisha ya chumba yalikuwa yamefungwa na nje jua linachoma.

"Bawaba zinataka mafuta," alijiambia. Akazipaka mafuta ya cherehani. Akapanga mashuka mawili, akafunga, akaenda kusaidia kukata vitambaa.

Aliporudi alikuta mashuka yamekunjwa upya. Yeye hukunja shuka kwa kulibwaga mara mbili, basi. Haya yalikuwa yamekunjwa vipande vidogo vya mraba, kila pembe imechomekwa ndani, yamebanwa mpaka yamekuwa magumu kama matofali. Katikati ya shuka la pili palikuwa na mkasi mkubwa wa mama. Chini yake, ndani ya soksi, miwani ya shangazi.

Ilikuwa bahati mbaya kwamba shangazi alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea mkongojo.

"Haya. Miwani yangu imefikaje kwenye sanduku lako?"

"Hilo ndilo swali ninalokuuliza wewe, shangazi. Miwani haina miguu."

"Na mimi je, ninayo? Ninao mmoja na nusu! Tangu asubuhi natafuta miwani, napapasa kuta kama popo, kumbe mwizi ananikunjia kwenye soksi."

"Mwizi angeiba miwani ya mtu asiyeona vizuri akaivae wapi? Chuoni?"

"Mimi sijui. Wewe ndiye msomi."

Sauti ya mama ikatoka sebuleni, "Kuna nini huko?" na wote wawili, kwa sababu zao tofauti, wakajibu kwa pamoja, "Hakuna kitu."

Hapo ndipo Hoja alipoanza kumhesabia kesi shangazi yake. Nani anafaidika nyumba isipotulia? Nani amelizoea kochi lile na mpwa wa kumkandia mguu kila jioni? Nani alisema, mbele ya mashahidi, kwamba msichana akienda mbali harudi yule yule? Ushahidi ulijipanga wenyewe. Hata kukunja kule, Hoja aliona, ni kukunja kwa mtu mwenye muda mwingi na kinyongo kingi. Akaenda dukani akanunua kufuli, akalitia kwenye komeo, ufunguo akautundika shingoni ndani ya blauzi.

Siku iliyofuata, chai ya saa nne ilichelewa kwa sababu birika halikuonekana. Mama alikuwa amelitua jikoni likiwa linafuka mvuke, akageuka kuchukua vikombe, akageuka tena na meza ikawa tupu. Walitafuta chini ya meza, nyuma ya jiko, mpaka uani. Hoja alirudi chumbani, akatoa ufunguo shingoni, akafungua kufuli ambalo hakuna mkono uliokuwa umeligusa. Geti lile lisiloonekana likaburuzika tena juu ya kokoto zake. Birika lilikuwa katikati ya sanduku, limefungwa kwa kanga ya mama, bado la moto. Chai haikuwa imemwagika hata tone.

Shangazi wakati huo wote alikuwa kwenye kochi. Hoja alikuwa anamwona kwa macho yake.

Basi ni kaka. Kaka ndiye aliyetengeneza sanduku, labda ana njia ya kulifungua kwa chini. Alimngoja jioni alipotoka kazini, akamvutia chumbani kwa shati.

"Nionyeshe unavyofanya."

"Nafanya nini?"

"Hilo sanduku. Mchezo umekwisha, kaka. Shangazi amekuahidi nini?"

Kaka alikuwa anataka kucheka, lakini macho yake yalishuka kwenye ubavu wa sanduku na kicheko hakikuja. Rangi ya bluu ilikuwa imeanza kutoka jasho. Matone yalikuwa yanateremka polepole, na pale yalipopita bluu ilioshwa na chini yake ikaonekana kijani kibichi cha zamani.

"Nilipiga msasa," kaka alinong'ona. Si kwa Hoja, kwa sanduku. "Kijani chote nilikitoa kwa msasa."

"Kijani cha nini?"

"Cha... hamna. Bati la zamani tu. Glavu yangu ya kazi imepotea tangu jana, umeiona?"

"Kaka, unaficha kitu."

"Na wewe humu ndani huna unachokificha?"

Hoja akaliachia shati, kwa sababu birika alikuwa amelirudisha jikoni kimyakimya na kudai limekutwa nyuma ya pipa. Hivyo ndivyo nyumba ile ilivyokuwa siku hizo: watu wanne, kila mmoja anamtazama mwenzake kwa pembe ya jicho, kila mmoja anahesabu vitu vyake kabla ya kukaa. Mama peke yake ndiye hakumshuku mtu. Au kama alishuku, alikuwa na pini mdomoni.

Alhamisi adhuhuri Hoja alikuwa chumbani anapiga pasi sketi yake ya safari. Amechoka, ana hasira, jasho linamwingia machoni. Kati ya pasi na sanduku palikuwa na pazia ambalo mama huliweka kukata chumba sehemu mbili. Nyuma ya pazia, sauti ya mama ikauliza, kwa upole, kama mtu aliyeuliza mara nyingi na hataki kuonekana msumbufu:

"Tunaondoka lini?"

Na Hoja, ambaye kwenye midahalo ya shule hakuwahi kuacha swali likae chini bila jibu, ambaye aliwahi kumjibu mkuu wa shule swali alilokuwa anajiuliza mwenyewe, akajibu bila kuinua kichwa.

"Jumamosi asubuhi, mama! Basi la kwanza! Niseme mara ngapi?"

Kisha nyuma ya pazia mtu akashusha pumzi ndefu, pumzi ya aliyetua mzigo.

Hoja akapitisha pasi mara moja, mara mbili. Halafu mkono ukamfa. *Tunaondoka?* Mama haendi popote.

Mlango wa mbele ukalia. Mama akaingia kutoka barabarani, furushi la vitambaa vya wateja kichwani, viatu vina vumbi.

"Unaongea na nani?"

"Na... nafanya mazoezi. Ya mdahalo."

Mama akamtazama. Akatazama pazia. Kifuniko cha sanduku, kule nyuma, kikajifunga taratibu. Sketi ya safari ikaanza kutoa moshi chini ya pasi, na ni mama aliyekwenda kuinyanyua.

Siku ya pili yake, Ijumaa, giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia umeme ulipokatika. Walikuwa wote sebuleni. Kaka akapapasa mfukoni atafute kiberiti, na kabla hajakipata ule mlio ukaja, safari hii si kutoka chumbani bali pale pale katikati yao, geti linafunguka, linafunguka, haliishi kufunguka, kana kwamba ni refu kuliko ukuta wowote unaoweza kulishika, na baada yake nyayo, nyayo za mtu mmoja mwenye haraka anayetembea juu ya kokoto ndani ya nyumba yenye sakafu ya saruji, anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi, akipita karibu kiasi kwamba Hoja alisikia upepo wa nguo zake ukimgusa magoti na harufu ya kutu ikimjaa kooni mpaka akahisi ladha yake kama ameng'ata ufunguo, na katikati ya nyayo hizo sauti ya vitu vinavyokunjwa, vinakunjwa, vinabanwa, na sauti ya shangazi gizani ikisema kwa mnong'ono uliopasuka, "Jamani, kuna mtu ananikunja mguu, jamani, si huo mbovu, ni huu mzima, mwambieni aache," na hakuna aliyeweza kusogea wala kumwambia mtu chochote mpaka kiberiti kikawaka.

Sebule ilikuwa tupu. Meza na kochi vilikuwepo. Vitu vyote vidogo vilikuwa vimeondoka. Vikombe, saa ya ukutani, mapazia, pini za mama. Sanduku lilikuwa limesimama mlangoni, wazi, limepangwa kwa ustadi wa kutisha, na juu kabisa ya vyote picha ya marehemu baba, imelazwa kifudifudi.

Shangazi alikuwa analia, goti la mguu wake mzima limegusa kidevu na halitaki kushuka. Hoja akalishika kwa mikono miwili, akalinyoosha kidogo kidogo, na alipomwona shangazi usoni, ile kesi yote aliyokuwa amemhesabia ikamporomokea yeye mwenyewe. Hofu ile haikuwa ya kuigiza.

"Sema," mama alimwambia kaka. Sauti ya chini kabisa. "Ulilipata wapi bati hili?"

Kaka akasema. Kuna nyumba moja nje ya mji, imefungwa miaka, mwenyewe alimpigia simu amwekee geti jipya. La zamani, akaambiwa, ling'oe ukalifukie. Usilikate, usimpe mtu, fukia. Kaka akalitazama: bati nene la geji nzito, kutu kidogo tu pembeni. Hakuna fundi wa kuchomelea duniani anayefukia bati kama lile. Akafukia shimo tupu, geti akalipakia kwenye mkokoteni.

"Nilitaka awe na sanduku zuri," alisema. "Basi. Nilitaka tu aende na kitu kizuri."

Hakuna aliyemgombeza. Usiku ule walilala kwa jirani, wote kwenye mkeka mmoja.

Asubuhi yake ilikuwa Jumamosi, na basi la kwanza liliondoka bila Hoja. Kaka alikwenda kumleta mtu wanayemwita Fundi Saa, kwa sababu kibandani mbele hutengeneza saa, na nyuma ya pazia hutengeneza mambo ambayo watu huyaeleza kwa kunong'ona. Alikuja na shati lililopigwa pasi na ile lenzi yake ndogo bado imebandikwa jichoni. Alichuchumaa mbele ya sanduku, akatia sikio kwenye bati, akasikiliza kwa muda kama anayepima mapigo ya saa.

"Nyumba ile naijua," alisema. "Waliokuwa wanaishi mle walihama mchana kweupe, hawakufungasha hata kijiko. Chai waliiacha mezani. Huyu mnayemsikia walimwacha getini bila kumwambia, ndivyo walivyoelekezwa na mganga wao. Tangu siku hiyo anauliza swali moja."

"Anataka nini, baba?" mama aliuliza.

"Kuondoka. Hataki damu, hataki kuku. Anataka asiachwe tena. Kwa hiyo anafungasha. Kwanza vitu. Vitu vikiisha..."

"Vikiisha?" Shangazi akauliza, mkono juu ya goti.

Fundi Saa akavua lenzi, akaifuta kwa pindo la shati. "Wapangaji waliokuja baadaye, mtoto wao wa mwisho walimkuta kabatini. Amekunjwa vizuri sana. Alikuwa hai, na yuko hai mpaka leo. Lakini hakukunjuka sawasawa."

Kaka akaketi chini sakafuni.

"Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo kazi ilipo. Kumsikia si kitu, mmemsikia wote. Hatari ni kumjibu. Anayemjibu amempa nafasi, ndiye mwenyeji wake, na atamfuata huyo mpaka apatikane mwingine wa kumjibu. Kama hakuna aliyemjibu, basi yumo humu kwenye bati. Nalichukua, nalifukia kama lilivyotakiwa kufukiwa, mnaendelea na maisha yenu. Lakini kama yupo aliyejibu, aseme sasa. Huyo hatasafiri. Atakaa hapa, nitamfungua pole pole."

"Kwa muda gani?" Hoja aliuliza, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza, ilivyokuwa ndogo.

"Kwa kukadiria tu? Mwaka mmoja."

Fundi Saa akawatazama mmoja mmoja. "Nani amemjibu?"

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Nje mtu alikuwa anapita akiita mteja. Shangazi akamgeukia mpwa wake, na hakukuwa na kejeli usoni mwake, kulikuwa na kuomba.

"Hoja? Wewe hujawahi kuacha swali, mwanangu."

Miaka yote alikuwa amedai kwamba ukweli ukisemwa waziwazi hakuna wa kuushinda. Alikuwa amesimama majukwaani akaipigia meza hoja hiyo. Sasa aliuona ukweli umekaa mbele yake kama mtu, na nyuma yake akaona mtoto mmoja mgongoni, mwingine ameshika sketi.

"Mimi sikumjibu," alisema.

Akamtazama mama. Mama aliyemuuliza, furushi kichwani, *unaongea na nani?* Mama aliyeliona pazia na kuisikia bawaba. Kisha mama akapeleka mkono kwenye ukingo wa gauni, akachomoa pini moja aliyokuwa ameichomeka pale, akaitia mdomoni, akafunga midomo.

Vitu vikatolewa, sanduku likabebwa. Fundi Saa na kaka walilifukia, wakashindilia udongo kwa miguu. Jioni shangazi alijikongoja mpaka kwenye kabati lake akatoa begi la kitambaa, la kizamani, zipu haijawahi kuvutwa.

"Nililinunua nikiwa na umri wako," alisema. "Kulikuwa na mahali nilikuwa naenda. Nikaambiwa nisubiri." Akamsukumia kifuani. "Haya, ondoka kabla sijabadilisha mawazo. Na usijifanye unalia, hukuzoea."

Basi la Jumapili lilikuwa limejaa. Hoja aliaga, akakumbatiwa na mama kwa nguvu kupita kiasi, akampa utingo begi. Lilikuwa na mashuka mawili, sketi moja yenye alama ya pasi, na nguo chache. Utingo alilinyanyua, akayumba, akalitua chini na kucheka.

"Dada! Humu umefungasha geti?"

Abiria walicheka. Hoja hakucheka.

Chuoni alipewa chumba pamoja na msichana waliyemwita Mrefu, kwa sababu alipolala miguu ilipita ncha ya kitanda. Alikuwa mwepesi wa kicheko, mzito wa kuamka, na alipenda kusimulia habari za wadogo zake watatu, hasa yule kitinda mimba ambaye bado alikuwa anaingia kwenye beseni la kufulia. Wiki zilipita vizuri. Hoja alijifunza kushika mnyororo wa kupimia, kusoma pembe, kuchora mipaka. Alipiga simu nyumbani na nyumbani walikuwa wametulia.

Kisha siku moja Mrefu akasema, "Asante kwa kunikunjia nguo, mwenzangu. Lakini punguza kidogo, mbona unazibana kama matofali?"

Hoja hakusema kitu. Kunyamaza alikuwa amekujua sasa. Alinyamaza kijiko cha Mrefu kilipokutwa ndani ya begi la shangazi. Alinyamaza asubuhi aliyoamka goti limegusa kidevu, akalikunjua mwenyewe chini ya shuka, ameng'ata mto. Aliacha kuwapigia nyumbani. Mdahalo wa chuo walipomwalika alikataa, akasema ana mafua.

Muhula ulipokwisha, Mrefu akaanza kufungasha kwenda kwao. Ilikuwa mchana, jua limejaa chumbani, korido nzima kelele za wasichana wanaoburuta mabegi. Mrefu alikuwa amelikalia begi lake ili zipu ifike, anaimba vibaya. Hoja alikuwa dirishani. Na kutoka nyuma ya mlango wa kabati, kwa sauti ya Hoja mwenyewe, tulivu, ya mtu asiyetaka kuonekana msumbufu, swali likaulizwa.

"Tunaondoka lini?"

Mrefu hakuinua kichwa. "Kwani na wewe unakuja kwetu?" alisema akicheka, akivuta zipu. "Wadogo zangu watafurahi! Ngoja basi nikwambie, gari letu ni la saa..."

Akakwama, si kwa woga. Alikuwa anaitafuta tiketi mfukoni aisome; jibu lenyewe lilikuwa bado halijatoka. Na katika muda huo mfupi Hoja aliona kila kitu kama kinavyoonekana kwenye lenzi ya kupimia. Neno moja tu la Mrefu, na yeye angelala usiku huo miguu imenyooka. Hakuhitaji kusema uongo, hakuhitaji kufanya lolote. Alihitaji kunyamaza tu, mara moja zaidi, na alikuwa amezoea. Harufu ya kutu ikaja shingoni mwake, jirani kabisa, ikingoja pamoja naye. Mbele yake, akilini, lilikuwepo beseni la kufulia, na mtoto ndani yake, anayeenea.

Mrefu alikuwa ameipata tiketi. Akafumbua mdomo.

"Usijibu," Hoja akasema. "Mwenzangu, siyo mimi niliyeuliza. Nakuomba, usijibu."